Kanda ya Nyumba ya Bi Zainabu

Tangu nikabidhi funguo za studio, nyinyi wasichana mnaobaki na kamera mmekuwa mkinipigia simu kila baada ya siku mbili. Betri kubwa inachajiwa muda gani? Mama wa bibi harusi akikataa taa, tufanyeje? Nimechoka kujibu vipande vipande. Nimekaa kibarazani kwangu hapa Mtongwe, nina daftari na nina muda, na nitaeleza kazi yangu ilivyokuwa, hasa yale ambayo sikuwahi kuwaambia tukiwa tumekaa pamoja. Vyeo nitaviruka. Studio ya watu wanne haina vyeo. Ina mwenye funguo na wasio nazo.

Niliingia pale Likoni nikiwa na miaka ishirini na mmoja, nikitafuta kazi ya kupokea wateja. Mwenye studio alikuwa Mzee Rajabu. Alianza na kutengeneza redio, akahamia kwenye picha za pasipoti, na video zilipoingia akanunua kamera ya kubeba begani, nzito kama mtungi uliojaa maji. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho kutoka kwenye mashine aliyokuwa akiisafisha.

"Wajua kuandika?" akauliza.

"Naam."

"Wajua kunyamaza?"

Nikanyamaza. Akacheka, akainuka, akaniwekea kamera begani.

Siku ya pili yake kulikuwa na kupamba, sherehe ya wanawake watupu, na nyinyi mwajua kwamba mwanamume hakanyagi pale. Mabuibui yanavuliwa, nywele zinaachwa wazi, na nyanya, watu wazima, wanacheza kwa namna ambayo hawataki hata waume zao waijue. Mzee Rajabu alikuwa na kamera na hakuwa na mwanamke wa kuishika. Mimi nilikuwa mwanamke. Sifa zangu ziliishia hapo.

Kazi yangu ya kwanza niliiharibu. Kabla ya kurekodi, unaielekeza kamera kwenye kitu cheupe ili ijue cheupe ni kipi, na mimi nilisahau. Chini ya taa za mirija za ukumbi ule, bibi harusi alitoka kijani kama ganda la ndizi mbichi. Mama yake alikuja studio, akatazama kanda mpaka mwisho, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu alikuwa anaumwa nini siku ile?" Mpaka leo nikiingia ukumbini kama mgeni mwalikwa, nikila pilau yangu, macho yanatafuta kitambaa cheupe.

Mzee Rajabu hakunigombeza. Alinifundisha kusafisha kichwa cha mashine kwa spiriti na kipande cha ngozi laini, kukunja waya ili usikatike ndani, na kusimama pembeni pale ambapo watu hukusahau. Lakini alichonifundisha zaidi ni jinsi ya kuweka kanda za watu. Kanda za wanawake zilikuwa na kabati lao na ufunguo wake ulikuwa kwangu. Nilihariri peke yangu, pazia limeshushwa, nikatoa nakala moja, nikaipeleka kwa mkono mpaka kwa mama wa bibi harusi. Siku moja mashine ilimeza kanda ya kupamba. Fundi alikuwa yeye, na kazi yenyewe ilikuwa ya dakika tano. Aliitengeneza akiwa amekipa kioo mgongo, mikono inapapasa nyuma kama mtu anayejikuna, nami nikimwelekeza: kushoto, chini, hapo hapo. Yeyote aliyetuona siku ile alidhani tumepata wazimu.

Tulikwenda hivyo miaka mingi. Kanda kubwa zikaondoka, zikaja ndogo za kuingia kiganjani. Mzee Rajabu macho yakapungua nguvu, nikawa mimi ndiye ninayekwenda kila mahali, Jomvu Kuu, Utange, Changamwe, na nikiri kwamba nilikuwa nimeanza kuchoka. Kwangu harusi zote zilifanana. Bibi harusi anaingia, bibi harusi anakaa, keki inakatwa, majina yanapita chini ya kioo kwa herufi za dhahabu. Ningeweza kuzihariri nimefumba macho, na zipo ambazo nadhani nilizihariri hivyo.

Ndipo akaja Marisela. Alikuwa Mmarekani, mwanamke wa makamo, mfupi, nywele nyeusi zimefungwa nyuma. Aliletwa kufundisha video kwa wiki mbili katika ukumbi mmoja wa vijana Changamwe, na Mzee Rajabu akanituma. "Nenda ukaone wenzio wanafanyaje," alisema. Tulikuwa watu kumi na watatu, na mwalimu mmoja wa shule alitutafsiria. Siku ya kwanza Marisela alijieleza. Wazazi wake walitoka Meksiko, yeye akazaliwa Los Angeles. Huko kwao anaambiwa si Mmarekani kamili, na akienda Meksiko anaambiwa si Mmeksiko kamili. "Kwa hivyo tukajipa jina letu wenyewe," alisema. "Sisi ni Wachicano." Wallahi, pale ukumbini hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Nusu yetu tulikuwa watu wa pwani tusiojua pwani ni ya nani tena, na nusu walikuwa wa bara waliozaliwa Changamwe na bado wakiulizwa kwao ni wapi.

Kisha akatuonyesha kazi yake. Ilikuwa video ya jikoni kwa nyanya yake. Nyumba ile ilikuwa chini ya barabara kubwa ya juu, na magari yakipita, vikombe vinatetemeka kabatini. Nyanya anakanda unga wa mahindi, anaugonga viganjani mpaka unakuwa kama chapati ndogo. Sura yake hatuioni, ni mikono tu. Anaugonga, picha inarudi nyuma, anaugonga tena unga ule ule. Na sauti tunayoisikia si yake. Ni ya mjomba mmoja, anataja majina ya jamaa waliohamishwa barabara ilipojengwa, jina moja moja, taratibu, kama mtu anayeita watoto waingie ndani. Baadaye kioo kinakuwa cheusi kabisa, na mjomba anaendelea kutaja.

Taa zilipowashwa, kijana mmoja wa bara, dereva wa malori ya bandarini, aliinua mkono. "Madam, samahani. Sasa hii kitu inaisha aje?"

Watu wakacheka. Marisela naye akacheka. Akasema, "Haiishi. Ndiyo maana niliirekodi."

Sikucheka. Miaka yote ile nilikuwa nikikata mikono ya nyanya za watu na kutupa, ili nipate nafasi ya keki.

Kwa wiki mbili alitufanyisha mambo ya ajabu. Kurekodi chumba kisicho na mtu. Kuweka sauti ya mama juu ya picha ya barabara. Kuweka televisheni mbili kando kwa kando, moja inasema hili na nyingine inasema lile, mtazamaji atafute mwenyewe. Mzee Rajabu niliporudi aliniuliza nimejifunza nini. Nikamwambia, kioo cheusi. Akasema hilo angenifundisha yeye bila ya nauli, ni kusahau kutoa kifuniko cha lenzi.

Mwaka ule ule, Bi Zainabu alikuja studio. Jina si lake, na majina ya wanawe nimeyabadilisha pia. Alikuwa mjane wa Changamwe, na nyumba yake ilikuwa kando ya barabara iliyokuwa ikipanuliwa. Ukutani palikuwa pamepigwa alama nyekundu ya kuvunjwa. Fidia alishapewa na hakuja kulalamika.

"Nataka unipigie video ya nyumba yangu kabla haijavunjwa," alisema. "Nyumba, na wanangu ndani yake."

"Inshallah. Watakuwepo siku gani?"

Akazungusha bangili mkononi. "Hapo ndipo penye kazi, mwanangu. Hawakai chumba kimoja."

Wanawe walikuwa wawili. Salim, mkubwa, alikuwa baharia wa meli za mizigo, na alipokuwa nchi kavu aliishi Utange kwa mkewe. Athumani, mdogo, alikuwa fundi seremala na hakuwahi kuihama nyumba ile. Baba yao alikuwa amemkataza Salim kazi ya meli, Salim akaondoka bila ya kuaga. Miaka michache baadaye mzee akafariki ghafla asubuhi moja, wakati Salim yuko likizo Utange. Athumani akapeleka habari. Maiti ikaoshwa, ikasaliwa, ikazikwa baada ya alasiri, na Salim hakuonekana. Tangu siku hiyo ni miaka saba, Athumani hakumwambia nduguye hata salamu alaikum.

Nilikwenda nikamrekodi Athumani kwanza. Hakupenda kuzungumza, basi nikamrekodi akipiga randa mlango uani, na sauti yake nikaichukua peke yake, bila picha, akihesabu nani alizaliwa chumba kipi. Wiki iliyofuata nikamrekodi Salim, siku ambayo Athumani alikuwa kazini. Salim alikuwa mtu wa heshima, mwenye sauti nzito ya taratibu. Alipita chumba kwa chumba akigusa kuta. Alinieleza pale palipokuwa na kitanda cha baba yake, na pale alipojificha akiwa mtoto alipovunja taa ya kandili. Kuhusu mazishi hakusema neno, nami sikuuliza. Nilimshukuru, nikafunika lenzi, nikaanza kukunja waya.

Hapo ndipo aliposema. Alikuwa amesimama mlangoni, amenipa mgongo.

"Wanasema sikufika. Nilifika. Nilikuwa ng'ambo ya barabara, nyuma ya lori la mchanga. Nililiona jeneza likitoka mlango huu. Nikasema nivuke, miguu ikakataa. Sikuwa nimemwomba radhi, bibi. Niliona nitakuwa mnafiki, kulibeba jeneza la mtu ambaye sikumwomba radhi."

Nikamwambia maneno ya kumpoza, ninavyokumbuka ni yale yale ambayo kila mtu husema. Akanisaidia kubeba mkoba mpaka kituoni.

Nilipokaa kuhariri ndipo nikagundua kwamba kamera sikuizima. Nilifunika lenzi tu. Kanda ilikuwa inazunguka, na yote yalikuwamo: kioo cheusi, na sauti ya Salim, safi, karibu kabisa, na nyuma yake magari yakipita.

Nataka mnielewe vizuri hapa, maana hii ndiyo sababu ya kuandika. Nilijua mara ile ile kwamba maneno yale hakunipa. Namba yake ya simu ilikuwa mbele yangu, nimeiandika kwa mkono wangu juu ya boksi la kanda. Nilijiambia kwamba nitatenda jambo la kheri, kwamba Athumani akisikia, miaka saba itakwisha. Huruma hiyo ilikuwapo, siikani. Lakini ilikuwapo na nyingine. Nilikuwa nimepata kioo changu cheusi. Nilikuwa nimepata kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kurekodi, na nilikitaka kiwe changu.

Mzee Rajabu nilimwonyesha kazi yote isipokuwa kipande kile. Hilo peke yake lilitosha kuniambia kwamba nakosea.

Tuliionyesha Jumamosi alasiri, sebuleni kwa Bi Zainabu, siku chache kabla ya nyumba kuvunjwa. Televisheni mbili juu ya meza moja. Ndugu wote wawili walikuja kwa ajili ya mama yao, Athumani karibu na mlango wa uani, Salim karibu na mlango wa mbele, na katikati wakakaa shangazi zao, wake zao na majirani. Kioo cha kushoto kilikuwa cha Athumani, cha kulia cha Salim. Mwanzoni watu walinong'ona. Shangazi mmoja aliuliza kama televisheni zimeharibika, mbona haziendi pamoja. Halafu wakaanza kuelewa. Huyu anagusa ukuta, yule anapiga randa mlango wa chumba kile kile. Nikaona Bi Zainabu anatabasamu.

Kisha kioo cha kulia kikawa cheusi. Wanasema sikufika. Nilifika.

Sikumtazama Salim. Nilimtazama Athumani, kwa sababu kazi yangu yote niliielekeza kwake. Mikono yake ilikuwa magotini, na akaanza kuisugua polepole kama mtu anayejipangusa vumbi. Sauti ilipofika kwenye lori la mchanga, Salim aliinuka, akavuka sebule, akachomoa waya ukutani. Kioo cha kushoto kiliendelea peke yake, Athumani wa kwenye video anapiga randa, hana habari.

Salim akanigeukia. Hakupaza sauti. "Bibi," alisema, "mimi nilikubebea mkoba."

Akatoka. Athumani akakaa kidogo, kisha naye akainuka, akatoka kwa mlango ule ule wa mbele. Kupitia dirishani tuliwaona kando ya barabara. Salim anatembea, Athumani anamfuata. Walisimama. Walisimama muda mrefu, malori yakipita. Kamera ilikuwa kwenye mkoba miguuni mwangu na ilikuwa na kanda mpya. Sikuigusa.

Bi Zainabu alinishika mikono yote miwili, akaibusu, akasema Mwenyezi Mungu anilipe. Sijawahi kupokea shukrani nzito kama ile. Nilitamani anipige kofi.

Ndugu wale wakapatana. Si siku ile. Siku ile Salim alipanda gari akarudi Utange. Lakini nyumba ilipovunjwa alikuja, wakaing'oa pamoja milango yote ya baba yao, na Athumani akaipachika tena kwenye nyumba mpya ya mama yao. Mtu anaweza kusema basi nilifanya vizuri. Bi Zainabu alisema hivyo mpaka alipofariki. Mzee Rajabu hakusema hivyo. Nilimweleza yote, akasikiliza, akachukua ufunguo wa kabati la kanda kutoka mezani kwangu, akautia mfukoni mwake. Alikaa nao miezi mitatu. Hatukulizungumza tena.

Utange nilikwenda mara tatu kuomba radhi. Mara ya kwanza mkewe aliniambia hayupo, na viatu vyake vilikuwa mlangoni. Mara ya pili alikuwa melini kweli. Mara ya tatu alitoka mwenyewe, akaniketisha, akaniletea kahawa, maana mtu wa heshima ni mtu wa heshima.

"Ulijua kamera inarekodi?" aliuliza.

"Wakati ule, hapana. Nilijua nilipokaa kuhariri."

"Ukakaa nayo siku ngapi kabla ya kuionyesha?"

"Siku tisa."

"Na simu yangu ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo."

"Kwa nini hukunipigia?"

Njia nzima nilikuwa nimejitayarishia jibu lenye kheri ndani yake. Likakataa kutoka. Nikamwambia ukweli. "Kwa sababu ungekataa."

Akanywa kahawa yake. "Naam," alisema. "Ningekataa."

Nilimpa kanda niliyohariri, na ile ya kwanza, ya kamera. Nilimwambia nakala nyingine hakuna, na haikuwepo. Nilimwomba radhi. Akasema amesikia. Hakusema amesamehe, na sikuwa na haki ya kumdai.

Nilimwandikia Marisela barua ndefu kumweleza. Alijibu kwamba yule mjomba wa majina, wa kwenye video ya jikoni, hakuzungumza naye kwa miaka minne baada ya kazi ile kuonyeshwa. Kwa wiki mbili ukumbini hilo hakututajia. Labda alikuwa akingoja tumuulize, na sisi tukauliza inaisha aje.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza ule utaratibu ambao nyinyi mnaulalamikia, kwamba kila aliyerekodiwa aonyeshwe kipande chake kwanza, peke yake, kabla ya mtu mwingine yeyote. Mwasema unachelewesha kazi. Unachelewesha. Na mmoja wenu aliniuliza mbona nawasumbua wateja kuhusu kipande ambacho kila mtu anaona ni kizuri. Kizuri ndicho cha kuogopa. Kibaya utakifuta mwenyewe bila ya kuambiwa.

Niliendelea na kazi, na sikurudi kwenye keki peke yake. Nilimrekodi mama wa Jomvu Kuu aliyekuwa anasahau majina ya watoto wake, nikarekodi mikono yake ikisuka ukili wa mkeka, kwa sababu mikono haikusahau. Nilizirekodi familia za bara na za pwani zilizokuwa zinahama na zilizokuwa zinafika. Mzee Rajabu alipokufa nilimsafishia mashine zake zote kwa spiriti kabla ya kuwaita jamaa zake kuja kuzichukua. Halafu magoti yangu yakaanza kukataa ngazi za kumbi, na mwaka huu nikawapa nyinyi funguo.

Kabla ya kuandika haya nilimpigia Salim simu. Sasa ni mzee, hapandi meli tena. Tukaamkiana, tukaulizana hali, na nikamweleza kwamba kuna wasichana ninaowaachia kazi, na kwamba ningependa kuwaonyesha ile kanda, mara moja tu, wajifunze.

Nikamsikia akivuta kiti.

"Kanda ninayo," alisema. "Mimi na Athumani huiangalia kila Idi. Wewe uliifanya vizuri, sikatai." Akakohoa. "Lakini hapana, bibi. Waeleze kwa maneno yako. Sauti yangu usiwape."

Nikamwambia ahsante. Basi hiyo ndiyo kazi bora niliyowahi kuifanya, na nyinyi hamtaiona.